Jumanne: Si Kila Gamba ni Ukoma

Soma Mambo ya Walawi 13:1–17. Neno la Kiebrania tsaraath, linalotafsiriwa “ukoma,” lilihusu magonjwa mbalimbali ya ngozi, hata madoa ya nguo na kuta. Huenda soriasisi ilikuwamo. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huiharakisha ngozi: seli mpya hufika juu kwa siku chache badala ya takriban mwezi, na magamba hurundikana. Dawa huutuliza, haziuondoi. Lakini hauambukizi kabisa.

Palipokuwa na shaka, kuhani alingoja siku 7, akachunguza tena, ndipo akatamka. Wengine kanisani hutamka kwa jicho moja tu, na mwenye magamba miguuni hukosa wa kutawadhana naye.

Soma Marko 1:40–42. Yesu alimgusa mtu yule kabla ya kutakasika, au baada?