Mti Hauna Roho, Mchoraji Ana Kiburi

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas akamweleza kuwa riziki yake ni kuchora. Ibn Abbas akamfikishia onyo la Mtume (S.A.W.): mwenye kutengeneza sura atatakiwa Siku ya Kiyama aitie roho, wala hataweza. Uso wa yule bwana ukapauka kwa hofu. Ndipo akaambiwa kwamba kama hana budi, basi achore miti na visivyo na roho.

Mimi nimo katika habari hiyo. Nakula kwa brashi, hapa Mji Mkongwe, Unguja. Madhehebu yangu ni Shafi, na najua jinsi Imam Nawawi alivyolikaza jambo hili katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim. Asubuhi nachora miti kwa rangi ya maji. Jioni nachora nyuso za watu kwa rangi ya mafuta. Kwa hesabu ya haraka, asubuhi niko salama, jioni niko hatarini. Kazi yenyewe imenitia shaka na hesabu hiyo.

Rangi ya maji ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga. Nalowesha karatasi, natia tone la kijani, na kuanzia hapo maji nayo yanachora. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu, karatasi inachelewa kukauka, na jani la mkungu nililolitaka liishie hapa linatambaa mpaka kule. Rangi nyeupe siitumii: mwanga unaopenya kati ya majani ni karatasi niliyoiacha bila kuigusa.

Mafuta yana tabia nyingine. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji. Yanavuta hewa na kuwa magumu polepole, siku nyingi. Muda wote huo naweza kukwangua pua, kusogeza jicho, kulifunika shavu na kulianza upya. Rangi inatii, na mtu anayetiiwa kutwa huanza kujiona bwana.

Lakini uso wa binadamu una dawa ya ubwana huo. Juzi nilikuwa namchora mzee mmoja muuza kahawa. Jicho lilikaa kama limelala mpaka nilipotia nukta ya nyeupe juu ya mboni, ndogo kuliko punje ya mtama. Papo hapo uso ukaamka. Jirani aliyechungulia akasema, "Huyo anataka kusema!" Mimi niliyeitia nukta ile nilijua ni kitu gani: rangi na mafuta. Mzee mwenyewe alikuwa nje anagonganisha vikombe vyake na kubishana na wateja, na hakuna hata robo yake iliyoingia kwenye turubai. Agizo la kutia roho linangoja Kiyama, ila mimi nalisikia kila nikifika kwenye jicho, na kila mara nashindwa.

Kwenye mti hakuna anayeniagiza kitu. Mteja akiusifu mwanga ulio kati ya majani, mkono wangu unapokea sifa za maji na karatasi, na dhamiri haishtuki, kwa kuwa mti ni halali. Huko ndiko kiburi kinakopita bila kupiga hodi.

Sidai kwamba hoja hii inatengua kauli ya maimamu. Fatwa haitoki kwenye brashi. Lakini hadithi nyingine inawataja waziwazi wanaoiga uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Ikiwa hiyo ndiyo hatari, ruhusa ya mti haikuwa ruhusa ya kusahau. Ibn Abbas alimwonyesha yule bwana cha kuchora. Jinsi ya kukichora bila kujidhania muumba, hilo aliachiwa mwenyewe, na mimi nimeachiwa vilevile.