Siku ya 12: Gari si bovu, ni baridi

🌙 *Darsa fupi la Ramadhani*

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kumi la kwanza limeshakwenda. Mnaona wenyewe: safu za tarawehe zimeanza kupungua, na aliyeanza kwa juzuu moja kila siku sasa anadaiwa juzuu nne. Na kuna neno nimelisikia mwaka huu kwa vijana wetu, tena si kwa mmoja: "Ustadh, nadhani imani yangu imekufa. Naswali lakini sisikii kitu." Neno hilo ni zito. Mtu akishaamini kwamba kitu kimekufa, hakihangaikii tena. Anakizika.

Kabla hatujazika, hebu tuangalie gari la dizeli la zamani kwenye baridi ya huku. Wapo kati yetu wenye Mercedes 300D au Jetta ya dizeli iliyokula miaka, na asubuhi za nyuzi 25 chini ya sifuri wanaijua shughuli yake.

*Dizeli haina cheche*

Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche, na cheche ndiyo inayowasha. Dizeli haina kitu hicho. Pistoni inapanda na kuibana hewa mpaka inabaki kwenye nafasi ya karibu sehemu moja ya ishirini ya ile ya mwanzo. Hewa ikibanwa namna hiyo inapata joto kali, zaidi ya nyuzi 500 injini ikiwa nzima na ina joto lake. Hapo nozeli inapuliza dizeli, nayo inashika moto yenyewe. Yaani moto wa dizeli unatoka ndani.

Sasa liache gari hilo nje usiku kucha kwenye baridi yetu. Chuma chote cha injini kimepoa. Hewa inabanwa, inapata joto, lakini chuma kinalinyonya joto lile kabla dizeli haijawaka. Oili imekuwa nzito kama asali, stata inazunguka kwa kuguguna. Betri nayo, ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, imebaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Na gari likiwa la zamani, ringi zimelika, hewa inavuja pembeni ya pistoni. Unapiga stata: gu, gu, gu... kimya.

Chukua gari hilohilo ulipeleke Tanga au Mombasa. Alfajiri unazungusha ufunguo, linawaka, unakwenda zako. Hakuna fundi aliyeligusa. Basi gari halikuwa bovu, lilikuwa na baridi.

Ndugu yangu, na wewe jiangalie hivyo hivyo. Nyumbani adhana ilikuamsha hata kama hukutaka. Mchana mtaa mzima umefunga, hata asiyefunga anaona haya kula barabarani. Ikikaribia magharibi, harufu ya kaimati na tambi inatoka kila mlango. Ulikuwa unawashwa na hali ya hewa, na wewe ukadhani ni nguvu zako! Huku saa sita mchana wenzako kazini wanapasha chakula mbele yako, isha inaingia uko shifti, na hakuna mnara unaokuita. Joto la nje limeondoka, na sasa linatakiwa lile la ndani. Na la ndani halitoki bila kutayarishwa.

Katika Suratul Hadid, Mwenyezi Mungu anawauliza waumini kama haujafika wakati nyoyo zao zinyenyekee, na anawaonya wasifanane na watu wa kabla yao ambao muda ulirefuka nyoyo zao zikawa ngumu. Tazama kinachofuata. Aya inayokuja mara tu baada ya onyo hilo inatukumbusha kwamba Yeye ndiye anayeihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Ametaja ugumu wa moyo, kisha hapo hapo akatuonyesha uhai unavyorudi. Ukiishi Alberta unaliona hilo kila mwaka kwa macho yako: ardhi iliyokuwa mwamba mwezi wa pili, mwezi wa tano ni majani.

*Kazi ya asubuhi hufanywa usiku*

Mwenye gari la dizeli anayejua kazi yake haanzi asubuhi. Usiku kabla hajalala anachomeka waya wa hita ya injini kwenye umeme. Ndiyo maana huku kwenye maegesho mengi kuna soketi nje, na mgeni akifika mara ya kwanza hushangaa magari yamefungwa nyaya mbele kama ng'ombe kwenye kamba. Hita hiyo ikikaa saa tatu au nne, injini inaamka ina uvuguvugu, na stata haiteseki.

Dizeli yenyewe pia hutazamwa mapema. Ndani yake mna nta. Baridi ikizidi, nta hiyo inaganda, inaziba filta, na mafuta hayafiki kwenye injini hata tanki likiwa limejaa. Kwa hiyo wakati wa baridi vituo vya huku huuza dizeli ya msimu wa baridi, na ipo dawa ya kuongeza ili isigande. Lakini dawa hiyo inatiwa kabla. Ikishaganda, kumimina dawa juu yake hakutakuokoa; itabidi gari liingizwe mahali penye joto mpaka iyeyuke.

Tunaokosa Alfajiri, tatizo letu mara nyingi si la alfajiri. Ni la saa sita za usiku. Simu mkononi, video moja inavuta nyingine, kisha unalalamika kwamba moyo hauamki. Chomeka waya mapema! Lala na udhu. Nia iwe moyoni. Amka kwa daku hata kama ni tende moja na maji, maana Mtume, swallallahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba ndani ya daku mna baraka. Na istighfari ni ile dawa ya kutia kabla: ilete kwenye ulimi wakati moyo bado ni laini, usingoje ugande kabisa.

*Taa ikizima, ndipo upige stata*

Sasa ni asubuhi. Mwenye haraka anaingia, anazungusha ufunguo mpaka mwisho, anapiga stata mfululizo mpaka betri inakata roho. Mjuzi anazima kwanza taa, redio na feni, ili nguvu yote ya betri iende kwenye kazi moja. Anazungusha ufunguo nusu, taa ya hita plagi inawaka kwenye dashibodi, anangoja. Wakati huo ncha za hita plagi ndani ya silinda zinakuwa nyekundu kwa moto. Magari ya zamani yanaweza kutaka nusu dakika hivi. Baridi ikiwa kali anarudia mara mbili. Gari likiwa la gia za mkono, anakanyaga klachi kuipunguzia stata mzigo. Ndipo anapiga stata, sekunde kumi hivi. Likikataa, anaacha, anaipumzisha betri dakika moja au mbili, anarudia tangu mwanzo.

Angalia ni sehemu ngapi za shughuli hiyo ni *kungoja*. Na sisi? Usiku wa kwanza wa Ramadhani tulitaka rakaa zote, juzuu nzima, sadaka, tahajudi, vyote kwa mpigo. Siku ya 10 betri imekwisha. Mama yetu Aisha, radhiyallahu anha, amepokea kwa Mtume kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Ukurasa mmoja kila siku baada ya Alfajiri unakufikisha mbali kuliko juzuu mbili za siku moja na kimya cha wiki mbili.

Zima redio pia. Kuna mtu anangoja khushui huku simu inalia mfukoni na ugomvi wa ndugu yake unachemka kifuani. Nguvu inakwenda huko, itafika vipi kwenye swala?

Na jihadhari na njia ya mkato. Kuna dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa inayowaka haraka mno. Wengine huipuliza kwenye dizeli yenye hita plagi. Hatari! Inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Wapo wanaotafuta imani ya namna hiyo: kilio cha usiku mmoja, video ya kutisha, maneno ya moto yanayomfanya kijana asubuhi yake awakaripie wazazi na kuwakufurisha jirani. Limelipuka, ndiyo, lakini halikuwaka.

*Moshi mweupe*

Gari likiwaka kwenye baridi, mwanzo linakohoa. Linatikisika, linatoa moshi mweupe: ni dizeli ambayo haijaungua sawasawa. Mjuzi halizimi kwa sababu hiyo. Analiacha lishike, kisha analiendesha polepole mpaka lipate joto. (Na hili ni la roho zenu, si la mfano: msiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa. Hewa ile inaua.)

Msikitini kwetu kuna ndugu aliyeingia Ramadhani hii baada ya miaka. Anasimama safu ya nyuma, hajui aweke wapi mikono, anasahau rakaa. Huo ni moshi mweupe tu! Injini imeshika. Sasa mzee mmoja anamkazia macho, kijana mwingine ananong'ona, "Huyu ni wa Ramadhani tu." Wallahi, ndugu zangu, tukimzima huyo leo, huenda hatawaka tena. Nani kati yetu yuko tayari kuulizwa hilo Siku ya Kiyama?

Betri ya mtu ikiwa imekufa kabisa kwenye maegesho, hatumhutubii kuhusu matunzo ya betri. Tunasogeza gari letu karibu, tunatoa kebo, tunambusti. Akishawaka hatujapungukiwa kitu.

Mji huu uliwashwa hivyo hivyo. Msikiti wa Al Rashid, wa kwanza kujengwa nchini Canada, ulifunguliwa hapa Edmonton mwaka 1938, katika miaka ya dhiki ya uchumi. Walikuwa Waislamu wachache, na akina mama kama Hilwie Hamdon walihangaika kuchangisha fedha mpaka ukasimama. Baridi ilikuwa hii hii. Hawakungoja ipungue.

*Kazi ya leo*

1. Usiku huu simu iwekwe mbali saa moja kabla ya kulala. Udhu, istighfari, nia.
2. Chagua amali moja ndogo utakayoweza kuiendeleza hata mwezi wa Shawwal.
3. Mtafute mtu mmoja aliyepotea kwenye safu. Mpigie. Usimuulize yuko wapi; mwambie utampitia uje naye tarawehe.

Na wewe uliyeniambia imani yako imekufa: maiti hasikii baridi. Wewe unaisikia, na inakuuma. Basi ngoja taa izime, uzungushe tena ufunguo.

Ewe Mola wetu, uliyeipa ardhi uhai baada ya kufa, zipe uhai nyoyo zetu. Tupashe joto kwa Qur'ani yako, utufikishe kumi la mwisho tukiwa tumewaka, na usimwache nyuma hata mmoja wetu. Aamiin.

Mtumie na mwenzako aliye kwenye shifti usiku huu. Kesho in shaa Allah tuonane siku ya 13.