Mtoto Anapouliza, "Nitapona?"

Soma 2 Wafalme 4:18–30, Danieli 3:16–18, Waefeso 4:15.

Muuguzi wa zamu ya usiku katika wadi ya watoto wenye saratani ana kazi nyingi: kubadilisha dripu, kupima homa, kuangalia dawa kali isivuje nje ya mshipa na kuunguza nyama. Lakini kazi iliyo ngumu kuliko zote haimo katika orodha ya majukumu yake. Mtoto wa miaka minane anaamka, anatazama kitanda cha jirani kilichotandikwa upya, kisha anauliza, "Nesi, na mimi nitapona?" Mchana mama yake alisihi asiambiwe lolote.

Ajibu nini? Akisema "utapona," huenda anasema uongo. Akinyamaza, mtoto atasoma jibu usoni pake. Akieleza yote, atakuwa amempita mzazi na kuvuka mipaka ya kazi yake.

Matumaini yenyewe si ya bure. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30, kwa sababu ugonjwa hugunduliwa kwa kuchelewa, dawa hukosekana, au mzazi huishiwa nauli na matibabu yakakatizwa. Kwa hiyo muuguzi hana haki ya kumkatia mtoto tamaa, wala ya kumhakikishia asilolijua.

Wengine husema uongo wa huruma hauna ubaya, maana mtoto haelewi kifo. Lakini mwaka 1978 mtafiti Mmarekani, Myra Bluebond-Langner, alichapisha kitabu kuhusu watoto wenye saratani ya damu. Aliona kwamba walijua wanakufa ingawa hawakuambiwa, na mara nyingi walijifanya hawajui ili kuwalinda wazazi wao. Basi uongo ule haumwondolei mtoto hofu. Humwacha aibebe peke yake.

Sisi waumini tuna jaribu letu wenyewe: kusema, "Amini tu, Mungu atakuponya." Husikika kama imani. Lakini kuahidi kwa jina la Mungu jambo ambalo hakuliahidi ni kumshuhudia uongo. Mtoto akizidiwa, atadhani imani yake ni haba, au kwamba Mungu hampendi.

Mtazame Elisha. Mwanamke Mshunami alipomshika miguu, Gehazi alitaka kumwondoa. Elisha alimzuia, akakiri kwamba Bwana alikuwa amemficha jambo lile. Nabii hakuona aibu kusema hajui. Kisha akainuka akamfuata. Vivyo hivyo vijana watatu wa Kiebrania walikiri uwezo wa Mungu wa kuokoa, bila kuufanya uaminifu wao utegemee kuokolewa.

Kweli inayosemwa kwa upendo ina utaratibu wake. Kwanza, muulize mtoto kinachomtia hofu. Huenda ni sindano ya kesho, au kuachwa peke yake. Pili, sema lililo kweli: "Sijui, mwanangu. Madaktari wanajitahidi, na mimi nipo hapa usiku huu." Tatu, kukipambazuka, mwendee mama pamoja na daktari, mwelezeni swali la mtoto, mkamsaidie aseme naye yeye mwenyewe. Mwana wa Mshunami alifufuliwa. Wengine wataingoja sauti ya Bwana ajapo (1 Wathesalonike 4:16). Tumaini hilo halihitaji uongo ili lisimame.

Na kanisa je? Muuguzi huyu mara nyingi yuko zamu siku ya Sabato, akitenda mema ambayo Yesu alisema ni halali (Mathayo 12:12). Katika darasa letu anahesabiwa tu kuwa hayupo. Siku anapokuja, tusimuulize alipotelea wapi. Tumuulize hali yake, na tusiharakishe kumjibu kwa fungu.

Maswali ya kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumtia mtu moyo na kumwahidi kwa jina la Mungu?

2. Mzazi akiomba ukweli ufichwe, muuguzi Mkristo amheshimuje bila kumdanganya mtoto?

3. Darasa lenu linaweza kufanya nini mwezi huu kwa mshiriki ambaye kazi yake humweka wodini siku ya Sabato?