Kabati Lisilosogea

Kuna swali moja la fizikia ya mwaka wa kwanza ambalo huonekana jepesi mpaka udai jibu. Kabati la mbao la kilo 60 limesimama juu ya sakafu ya saruji. Unalisukuma ubavuni kwa kani ya nyutoni 100. Halisogei. Je, msuguano kati ya kabati na sakafu ni nyutoni ngapi?

Swali huja na namba mbili za kusaidia. Namba ya msuguano tuli, yaani ule wa kitu ambacho bado hakijasogea, ni 0.5. Namba ya msuguano wa mwendo, yaani ule wa kitu ambacho tayari kinateleza, ni 0.3. Kwa hesabu za darasani, kilo 60 hukandamiza sakafu kwa nyutoni 600, na sakafu hulisukuma kabati juu kwa nyutoni hizo hizo. Zidisha 600 kwa 0.5 unapata 300. Zidisha kwa 0.3 unapata 180.

Ninasoma shahada ya uzamili ya elimu ya fizikia, na kila wiki huongoza semina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Swali hili nimelisahihisha kwa sura nyingi: mara ni kabati, mara ni gunia la mchele, mara ni jiwe. Majibu huwa ya aina tatu. Wapo wanaoandika sifuri, kwa hoja kwamba kabati halijasogea, hakuna kilichosuguana, basi msuguano haupo. Wapo wanaoandika 300, nao huwa wengi. Na wapo wachache wanaoandika 100, tena kwa wasiwasi, kama mtu anayeogopa kwamba jibu rahisi namna hiyo lazima lina mtego.

Jibu ni 100. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza kwa nini naamini kwamba yale majibu mawili mengine yana uzito kupita alama zinazopotea. Nayaona kama njia mbili za kumdhulumu mtu.

Tuanze na sifuri. Anayeandika sifuri ana sababu, na sababu hiyo imo ndani ya neno lenyewe. Msuguano unatokana na kusuguana, na kusugua ni kazi ya mkono unaokwenda na kurudi: kusugua sufuria, kusugua miguu. Hata Kilatini, ambako lugha nyingi za Ulaya zimechukua neno lao, walianzia kwenye kitenzi chenye maana hiyo hiyo. Kwa hiyo tunapomwambia mwanafunzi “msuguano tuli” tunamwambia kusuguana bila kusugua, na ana haki ya kutukodolea macho. Lakini neno letu lina kitu ambacho lile la Kilatini halina. Lina kile kiambishi cha “ana”, cha kupendana na kugombana, kinachosema kwamba jambo hili halifanywi na mmoja. Sakafu inalishika kabati, na kabati linaishika sakafu. Ukisukuma kwa nyutoni 100 na kabati likabaki palepale, jumla ya kani za ubavuni lazima iwe sifuri. Kwa hiyo kuna nyutoni 100 zinazokukabili kutoka upande wa pili. Hazionekani, lakini zipo, na zimekuja kwa sababu yako. Kabla hujagusa kabati, hazikuwepo.

Sasa 300. Mwanafunzi huyu amekariri kanuni: namba ya msuguano mara kani ya sakafu. Kanuni anayo, alichokosa ni alama moja ndani yake. Kwa msuguano wa mwendo, kanuni ina alama ya “ni sawa na”. Kwa msuguano tuli, ina alama ya “haizidi”. Zile 300 ni kikomo, maana yake ni kwamba msuguano tuli unaweza kufika hapo lakini hauwezi kuvuka. Chini ya kikomo, msuguano tuli hulingana na unachotoa. Sukuma kwa 40, unakuwa 40. Sukuma kwa 250, unakuwa 250. Kama ungekuwa 300 wakati wewe unasukuma kwa 100 tu, zingebaki nyutoni 200 zinazoelekea kwako, na kabati lingekufuata pale uliposimama kwa mchapuko wa zaidi ya mita 3 kwa sekunde mraba. Nikiwaeleza hivi wanafunzi hucheka, na baada ya kicheko wengi hawalikosei tena.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalonishughulisha. Ukifika nyutoni 301, kabati linaachia. Papo hapo msuguano hautakuwa tena 300, bali 180. Kama mikono yako bado inasukuma kwa 301, kuna nyutoni 121 ambazo ghafla hazina wa kuzizuia. Ndiyo maana mtu anayesukuma samani nzito hupepesuka mbele pale zinapoachia. Na ukitaka liendelee kwenda kwa mwendo ule ule, 180 zinatosha.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa uzamili nilipanga chumba katika nyumba ya familia moja. Kulikuwa na dada wa kazi, binti wa kama miaka kumi na tisa. Alipoanza, makubaliano yalikuwa kupika na kufua. Baadaye ikaongezeka kumpeleka mtoto shule. Kisha kuku. Kisha mgonjwa aliyeletwa kutoka kijijini, wa kuogeshwa asubuhi na jioni. Kila lilipoongezwa jambo, hakusema kitu, na kila aliponyamaza, kunyamaza kwake kulihesabiwa kuwa nafasi ya jambo lingine. “Huyu dada hana neno,” mama mwenye nyumba aliwaambia wageni, na aliisema kama sifa. Mshahara ulipochelewa mwezi wa kwanza, hakusema kitu. Mwezi wa pili pia.

Aliondoka siku ya Jumapili asubuhi. Aliambiwa afue beseni moja zaidi, mapazia ya sebuleni. Aliweka beseni chini, akaingia chumbani, akatoka na begi. Kisha akazungumza. Alizungumza kwa muda mrefu, bila kupaza sauti, kuanzia siku aliyofika, jambo moja baada ya jingine, na alikumbuka yote. Mama mwenye nyumba alimpa mshahara wa mwezi mmoja palepale, kisha wa pili, kisha akamwomba akae wayamalize. Hakukaa. Kwa wiki nzima majirani waliulizana getini: jamani, kwa beseni moja tu?

Beseni lile lilikuwa nyutoni ya 301. Anayeuliza “kwa beseni moja tu?” anadhani kilichomwondoa ni ile moja, kwa kuwa zile 300 hakuziona zikifanya kazi. Kwake yeye kipindi chote cha kimya kilikuwa sifuri. Huyu ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza, amekuwa mtu mzima na ana nyumba. Haoni kitu kikisogea, basi anaamini hakuna kinachobebwa.

Mwanafunzi wa pili naye yupo mitaani, na dhuluma yake ni ya upande mwingine. Akikutana na upinzani kidogo anauona kuwa upinzani wote. Dada akisema “leo nimechoka” anaitwa mkaidi, mwanafunzi akiuliza swali la pili anaitwa mbishi, mke akisema hapana mara moja anaambiwa ana kiburi. Anayepingwa kwa nyutoni 10 anadai amepingwa kwa 300, na haulizi kama yeye mwenyewe ndiye aliyesukuma kwa 10. Msuguano tuli hauanzi wenyewe. Huwezi kuupima bila kujipima.

Kuna pingamizi nalichukulia kwa uzito. Mtu si kabati. Kabati halina moyo wala halichagui kustahimili, na mwanafizikia anayehubiri maadili kwa samani anapaswa kuangaliwa kwa makini. Nakubali. Lakini tuangalie mfano huu unavunjikia wapi, kwa sababu hauvunjiki kwa faida ya anayesukuma.

Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, ambaye mwaka 1781 alipata tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris kwa kazi yake juu ya msuguano, aligundua jambo la ajabu kuhusu mbao. Kadiri ubao ulivyokaa muda mrefu juu ya mwenzake bila kusogezwa, ndivyo ilivyohitajika kani kubwa zaidi kuuanzisha mwendo. Ubao uliotulia hushika zaidi. Sisi tunapomsema mtu aliyebeba kwa muda mrefu, tuna neno letu: “amezoea”. Tunamchukulia kama ubao wa Coulomb, kwamba kukaa kwake chini ya mzigo kumemwongezea uwezo. Kwa mbao ni kweli. Kwa mtu mara nyingi ni kinyume, kwa kuwa mtu huchoka, na kikomo chake kinaweza kushuka wakati mzigo haujaongezeka hata kidogo. Beseni alilolifua Januari bila neno linaweza kumshinda Juni.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Ukitaka kujua kikomo cha kabati kwa mikono yako peke yake, huna njia ila kuendelea kusukuma mpaka liachie. Kabla ya hapo, kila unachopata ni mwangwi wa nguvu zako: ulitoa 100, ulirudishiwa 100. Majibu hayo hayakuambii chochote kuhusu 300. Unaweza kusukuma kwa 299 na ukaona kile kile ulichoona kwa 5, yaani kabati lililosimama. Wahenga walilisema hili kwa namna yao, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ila wengi wetu tunaikumbuka methali hiyo baada ya mshindo.

Mtu, tofauti na kabati, anaweza kuulizwa.

Inaonekana jambo dogo, lakini kwangu ndipo swali la maadili lilipo. Swali si kama kuvumilia ni kuzuri. Tumelelewa kwenye mvumilivu hula mbivu, na sina ugomvi na hilo. Swali ni nani mwenye wajibu wa kujua kikomo kiko wapi. Desturi yetu imemwachia wajibu huo anayesukumwa: aseme, na asiposema ni shauri lake. Lakini anayesukumwa ndiye mwenye cha kupoteza akisema. Dada yule angesema mwezi wa kwanza, angeitwa mkaidi na kurudishwa kwao kwa nauli ya kuunga. Anayesukuma hapotezi kitu kwa kuuliza. Anaweza kuuliza kabla ya kuongeza, na anaweza kuuliza kwa namna ambayo jibu la “hapana” halitamfukuzisha mtu kazi.

Na hata kuuliza kusipotosha, ipo njia ya mafundi. Hakuna mhandisi anayetafuta uwezo wa daraja kwa kupitisha malori mpaka livunjike. Anaweka kikomo mapema, chini kabisa ya kile anachodhani daraja linaweza, kisha anabandika kibao. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, umefanya kitu kama hicho. Unataka masharti ya kazi yajulikane tangu mwanzo, mshahara ulipwe walau kila mwezi, na mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Zile saa 24 hazipimi uvumilivu wa mtu yeyote. Ni kibao cha darajani, kimewekwa ili tusilazimike kujua mtu anavunjikia wapi.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba msuguano tuli ni msiba. Bila huo hakuna anayetembea. Ukipiga hatua, unyayo unaisukuma ardhi nyuma, ardhi inausukuma unyayo mbele, na kwa kitambo kile unyayo hautelezi. Tairi la daladala linalobingirika vizuri nalo, pale linapogusa lami, halitelezi. Kinachoipeleka daladala Mbagala au Tegeta ni msuguano tuli. Mipira kwenye saruji kavu ina namba tuli ya karibu 1.0, na ya mwendo karibu 0.8, ndiyo maana magari yenye breki za kisasa huzuia matairi yasijifunge: tairi linaloburuzika hushika kidogo kuliko linalobingirika. Fundo la kamba hukaa, msumari haung'oki, na mwanga wa mchana hukuta vitu pale vilipoachwa jana.

Kwa hiyo siku hizi, nikimaliza kusahihisha, huwauliza wanafunzi swali moja lisilo na alama. Tunapokwenda mbele, kuna kitu kimetulia chini ya mguu wetu na kusukumwa nyuma. Ardhi ni kubwa mno kiasi kwamba haitambui. Lakini si kila tunachokikanyaga ni ardhi. Katika nyumba zetu, ofisi zetu, na hata vyuo vyetu, wapo watu ambao utulivu wao ndio unaotupa hatua. Nawataka wanafunzi wamtaje mmoja kwenye karatasi, kwa ajili yao wenyewe, na waandike wanadhani amebeba nyutoni ngapi. Kisha nawaambia waende wakamuulize.