Ramadhani, Siku ya 14: Ukoka Uliokauka Haujafa

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mwaka huu Ramadhani imetukuta kwenye jua la kaskazi. Hebu uangalie ukoka wa uani kwako. Umekuwa wa kahawia, ukiukanyaga unalia kama karatasi. Asiyeujua atasema umekufa, leteni jembe tung'oe. Anayeujua atakwambia subiri. Ukoka ukikosa maji unajilaza tu. Majani ya juu yanakauka, lakini vishina vinavyotambaa chini ya udongo viko hai. Masika ikipiga, baada ya wiki chache uani ni kijani kitupu.

Katika Surat Al-Hadid, aya ya 16, Mwenyezi Mungu anawauliza walioamini kama haujafika wakati wa nyoyo zao kunyenyekea, na anawatahadharisha na watu ambao nyoyo zao zilikuwa ngumu. Aya ya 17 inafuata hapo hapo: tujue kwamba Yeye huihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Kwa nini ardhi itajwe baada ya nyoyo? Wanazuoni wanasema ni ili asikate tamaa mwenye moyo mgumu.

Sasa jamani, msikitini kuna sura hatujaziona tangu Ramadhani iliyopita. Wengine wetu tunawatazama kwa jicho la pembeni, tunawaita "Waislamu wa Ramadhani". Na majumbani kuna kijana aliyeacha swala, mzazi wake kashachoka kusema. Huo ndio ukoka uliokauka. Usiuletee jembe. Uletee maji.

*Maji yanamwagwaje?*
Ukinyunyiza juu juu kila siku, mizizi inabaki juu, maana ndiko maji yaliko. Ukisafiri siku tatu, nyasi zimeungua. Bora mara moja au mbili kwa wiki, alfajiri, taratibu, mpaka maji yazame. Mizizi itayafuata chini. Ndivyo ilivyo ibada. Mwingine anakimbiza juzuu ili amalize hesabu, na hakuna aya iliyozama. Soma chache uzielewe, na usiache. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

*Usikate mpaka kwenye udongo.*
Watunza bustani wana kanuni: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Wakati wa jua kali, ziache nyasi ndefu kidogo ili zikinge udongo wake. Lakini sisi, kijana anarudi msikitini siku ya kwanza, huyu anamsema nywele, yule anamsema suruali, wa tatu anamuuliza alikuwa wapi siku zote. Kesho haji. Tumemfyeka!

*Mvua haioteshi ukoka peke yake.*
Masika ikija, magugu nayo yanaota. Yang'oe yakiwa machanga, kabla hayajatoa mbegu. Mwezi huu wa kheri nao una magugu yake: kusengenyana barazani baada ya tarawehe, na kufuturisha ili tuonekane. Usingoje Idi ndiyo uanze kupalilia.

Na tukumbuke hili. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inazunguka misimu yote. Mwaka 2005 tulianza kufunga Oktoba, kwenye vuli. Mwaka 2016 tukaanza Juni, kwenye kipupwe. Leo tuko kwenye kiangazi. Mwenye bustani hachagui msimu wa kuitunza. Kila msimu una kazi yake. Basi Shawwal nayo ina kazi yake. Ukoka wenye mizizi mirefu utaonekana huko, si leo.

Jambo la mwisho, na hili ni la maji yenyewe. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita. Sisi tunaacha mpira wazi saa saba mchana, sehemu ya maji inakauka kabla haijazama, na jirani anapanga foleni na ndoo. Na anayekushikia huo mpira naye kafunga. Mpangie kazi ya asubuhi, na umlipe ujira wake kabla ya Idi, asije akakudai.

*Kazi ya leo:* mtafute mtu mmoja aliyepotea msikitini. Usimhutubie. Mwalike futari tu.

Ee Mola wetu, zihuishe nyoyo zetu kama unavyoihuisha ardhi, turejeshee vijana wetu, na utujaalie kudumu baada ya Ramadhani. Aamin.

Wallahu a'lam. Tukutane kesho inshaallah. Mtumie na mwenzako.