Safari Ndefu na Watu wa Nyumbani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa na njia, akaitiisha bahari ichukue vyombo. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Safari ni desturi kongwe ya watu wa pwani. Zamani mtu alitoka na kusi kwenda Arabuni, akarudi na kaskazi. Siku hizi hupanda ndege akafika Maskati au Dubai kabla ya siku kwisha, kisha akakaa huko miaka mitatu, au minne, hata kumi. Iliyofupika ni njia; ama kukaa, kumezidi urefu. Na jambo ambalo watu hulipita bila kulitazama ni hili: je, mtu aendaye kukaa ugenini miaka mingi, awaache mkewe na wanawe, au awachukue? Wengi hujibu upesi kwamba safari ni kazi ya wanaume, na nyumba hukaa ikingoja. Lakini kabla ya kujibu yafaa kuuliza swali jingine: mtu huyo ni msafiri kweli?

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri aliyetimiza masharti ana ruhusa kuzisali rakaa nne kuwa mbili. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika tangu kufika. Atazisali sala zake kamili, na Ramadhani atafunga kama wafungavyo wenyeji. Hata yule angojaye haja anayoitarajia kila saa, amepewa siku kumi na nane, basi. Sasa mtazame aliyekaa ugenini miaka mitano. Mbele ya Mola wake husali rakaa nne, wala hathubutu kupunguza hata moja, kwa kuwa ajua ya kuwa yeye ni mkazi. Lakini mkewe akimwuliza haki zake, humjibu, "Mimi ni msafiri, nistahamilie." Vipi mtu awe mkazi msikitini na msafiri kwa mkewe?

Wako washikao hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kuwa safari ni fungu la adhabu, wakasema: basi na wasalimike wanawake na watoto na adhabu hiyo. Lakini hadithi hiyo yenyewe yamwamuru mtu, akiisha haja yake, afanye haraka kurudi kwa watu wake. Aliyetia nia ya kukaa miaka kumi ameshika mwanzo wa hadithi na kuutupa mwisho wake. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na ambaye kura yake ilitoka alimchukua, na safari zile nyingi zao zilikuwa za siku chache, si za miaka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni hijra ya Habasha, iliyoanza mwaka 615. Waislamu wa mwanzo walipovuka bahari hawakuvuka wanaume peke yao. Sayyidna Uthman alikwenda na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Abu Salama na Ummu Salama. Jaafar bin Abi Talib na Asma binti Umays. Jaafar na Asma walikaa huko zaidi ya miaka kumi, na huko walizaa watoto wao, Abdallah na Muhammad na Aun. Walirudi mwaka wa 7 wa Hijra (628), wakati wa vita vya Khaybar. Na mwaka uliofuata Jaafar akauawa shahidi Muta. Na afikiri hapa kila mwenye watoto: lau Jaafar angalikwenda peke yake na kumwacha Asma Makka, angalirudi akakaa na watu wake mwaka mmoja tu, kisha akafa. Miaka ambayo wale watoto walikuwa na baba ni ile ya ugenini.

Wala Asma hakukaa huko kama mzigo uliopakiwa na kupakuliwa. Imepokewa kwamba Bibi Fatima, katika maradhi yake ya mwisho mwaka wa 11 (632), alichukia jinsi maiti ya mwanamke inavyochukuliwa, nguo ikaonyesha umbo lake. Asma akamweleza aliyoyaona Habasha: hupindwa matawi mabichi ya mtende juu ya jeneza, kisha hutandikwa nguo juu yake, umbo lisionekane. Fatima akapendezwa, akataka afanyiwe hivyo. Basi sitara ambayo wanawake wa Kiislamu huzikwa nayo ilikuja na mwanamke aliyefuatana na mumewe ng'ambo ya bahari, akaona kwa macho yake. Mwanamume hata angaliiona, huenda asingaliangalia.

Na siku Sayyidna Umar alipomwambia Asma kwamba watu wa Madina wamewatangulia katika hijra, Asma alikasirika, akaenda kumshitakia Mtume. Naye akahukumu ya kuwa Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi wana hijra mbili. Watu wa jahazi ni wake kwa waume, na fungu ni la wote.

Na alikuwako katika waliorudi kitoto, Ummu Khalid binti Khalid, aliyezaliwa huko huko. Mtume alimvisha kijoho cheusi chenye nakshi, akakisifu kwa neno la Kihabasha. Hakuona ila kwa mtoto kuwa na lugha ya pili, bali alimfurahisha kwayo. Na hapa kuna faida ambayo waalimu wa vyuo waijua sana: mtoto wa pwani huisoma Kurani akaikhitimu bila kufahamu neno, na Kiarabu humtaabisha miaka, na mtoto wa umri ule ule akikaa Maskati na wazazi wake, hukiokota njiani kwa kucheza na wenziwe. Imamu Shafii mwenyewe alizaliwa Ghaza mwaka 150 (767), akawa yatima, na mama yake akamhamisha mdogo mpaka Makka, hali ya kuwa ni fakiri, ili akue kwa jamaa zake. Elimu yote iliyofuata ilianza kwa mama aliyekubali kusafiri.

Kwa upande wa pili mtazame Ibn Battuta, aliyetoka Tanja mwaka 1325, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alioa Damaski, akamwacha mke ana mimba. Akiwa Bara Hindi alisikia amezaliwa mtoto wa kiume, akapeleka dinari 40. Alipopita tena Damaski mwaka 1348 aliuliza habari za mwanawe, akaambiwa amekufa tangu miaka kumi na miwili. Huko huko akajua ya kuwa baba yake naye alikufa miaka kumi na mitano iliyopita. Na kabla hajafika kwao, mama akafa kwa tauni. Dinari zilifika, baba hakufika.

Watu hutoa udhuru wa dini: watoto wataharibika ugenini. Udhuru huu si mwepesi. Wana sira wametaja kwamba Ubaydullah bin Jahsh alikwenda Habasha na mkewe Ummu Habiba, akaritadi huko. Lakini tazama nani alianguka na nani alisimama: mume alianguka, na mke akathibiti. Kijana aachwaye Mombasa au Unguja bila baba, akapelekewa fedha kila mwezi, hatari yake haikupungua kwa kuwa adhana yasikika dirishani. Udhuru wenye nguvu zaidi ni wa wazazi wazee wasio na mwingine wa kuwatazama, na wa kipato, maana ziko serikali zisizomruhusu mtu kuleta watu wake mpaka mshahara wake ufike kima fulani.

Mwenye udhuru kama huu asilaumiwe, lakini naye ana mpaka. Sayyidna Umar alimsikia usiku mwanamke wa askari akilia upweke wake, akamwuliza bintiye Hafsa mwanamke hustahimili muda gani. Riwaya nyingine zasema miezi minne, nyingine sita. Akaamuru askari wasizuiliwe kupita hapo. Nao walikuwa katika jihadi, si dukani. Na katika madhehebu yetu mke hafasikhiwi ndoa kwa kughibu kwa mume peke yake, maadamu masurufu yapatikana. Kwa hiyo mlango wa mwanamke ni mwembamba, na amana iliyo shingoni mwa mume ni nzito zaidi. Asiyeweza kabisa kumchukua, na apatane naye kabla ya kutoka, mbele ya baba yake au ndugu zake, kwa muda unaojulikana. Na muda ukifika arudi, hata kama tajiri wake amemwongezea mshahara.