Sifa na Kujisifu: Ukweli katika Wasifu wa Mwombaji Kazi

Wasifu wa mwombaji kazi, ambao wengi huuita sivii, ni maelezo mafupi anayoyaandika mtu juu ya elimu yake, kazi alizowahi kufanya na mambo anayoyaweza, ili mtu asiyemjua aamue kama amwite kwenye usaili. Kwa kawaida hauzidi kurasa mbili au tatu. Hata hivyo, kurasa hizo chache zinabeba swali la kale la maadili: mtu anapolazimika kujieleza mwenyewe, na faida ya maelezo hayo ni yake, aseme nini na anyamazie nini?

Kiswahili chenyewe kinalionyesha swali hilo. Neno wasifu na neno sifa yana mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Lakini katika matumizi ya kila siku, sifa imebeba maana mbili. Tangazo la kazi huwa na kichwa kidogo kisemacho "Sifa za mwombaji", na hapo sifa ni hali halisi aliyonayo mtu: shahada, leseni ya udereva, uzoefu wa miaka 3. Mtu akisemwa kwamba anapenda sifa, neno ni lile lile ila maana imegeuka. Sasa ni kule kusifiwa, kuwe na msingi au kusiwe nao. Mwandishi wa wasifu anatembea kati ya maana hizo mbili. Anatakiwa aeleze sifa zake bila kujisifu, na mpaka huo ndio unaohitaji kuchunguzwa.

Pingamizi la kwanza

Wapo wanaoona kwamba kujieleza kwa namna hiyo hakufai tangu mwanzo. Methali zinaonekana kuwaunga mkono: chema chajiuza, kibaya chajitembeza; debe tupu haliachi kuvuma. Katika Biblia, Mithali 27:2 inamshauri mtu aache asifiwe na mwingine, asijisifu kwa kinywa chake. Katika Qurani, Sura An-Najm aya ya 32 inawakataza watu kujitakasa wenyewe, kwa kuwa Mungu ndiye amjuaye zaidi mchamungu. Ipo pia hadithi sahihi ambamo Mtume Muhammad alimwusia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwa maana anayeupata kwa kuuomba huachiwa mzigo peke yake, na anayepewa bila kuuomba husaidiwa.

Mafundisho haya yana uzito na hayafai kupuuzwa. Yanaukemea moyo unaojitukuza na tamaa ya cheo kwa ajili ya cheo. Lakini dini hizo hizo zina mifano ya watu wema waliotaja sifa zao hadharani. Nabii Yusufu, alipotolewa gerezani na kusimama mbele ya mfalme wa Misri, aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akaeleza kwamba yeye ni mlinzi na mjuzi. Habari hiyo imo katika Sura Yusuf aya ya 55. Aliyemsikiliza hakuwa na njia nyingine ya kujua ni nani awezaye kutunza nafaka kwa miaka ya njaa iliyokuwa inakuja. Khalifa Uthman, nyumba yake ilipozingirwa, aliwakumbusha watu namna alivyoupatia umma kisima cha Ruma na alivyoliandaa jeshi wakati wa shida. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Syria wa karne ya 13, aliitumia mifano ya namna hii katika kitabu chake Al-Adhkar kufafanua kanuni: kutaja mema ya nafsi yako kwa ajili ya kujifaharisha ni lawama, na kuyataja kwa ajili ya manufaa ya kweli kunapendeza.

Katika Agano Jipya, Mtume Paulo anakutana na swali hilo hilo. Katika sura ya 3 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anauliza kama yeye naye anahitaji barua za sifa kama watu wengine, kisha anasema kwamba waumini wenyewe ndio barua yake. Hata hivyo, katika sura ya 11 analazimika kujieleza. Anaorodhesha vifungo, mapigo, safari na kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, huku akikiri kwamba kusema hivyo ni kama upumbavu. Haja ilikuwa imemlazimisha, na alichokitaja kilikuwa kazi iliyofanyika na gharama yake.

Hata methali ya chema chajiuza ina mahali pake. Inafaa penye macho. Seremala anayepanga vitanda vyake kando ya barabara hahitaji kusema neno. Mpita njia anasimama, anagonga ubao, anavuta mtoto wa meza na kuona kama unarudi vizuri. Ofisi iliyopokea mamia ya maombi kwa nafasi moja haina nafasi ya kugonga ubao. Chema kilichofungiwa ndani hakiwezi kujiuza. Wasifu mzuri unafanya kazi ya kukitoa chema barazani kionekane, na baada ya hapo kijiuze chenyewe.

Ukweli kati ya makosa mawili

Aristotle, katika kitabu cha 4 cha Maadili ya Nikomako, anauweka ukweli wa mtu juu ya nafsi yake katikati ya makosa mawili. Upande mmoja yuko mwenye majivuno, anayejidai kuwa na asichonacho au kuzidisha alichonacho. Upande wa pili yuko anayejipunguza, anayekana au kudogosha alichonacho. Katikati yuko mkweli, ambaye maneno yake na maisha yake yanalingana. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliendeleza fikra hiyo na kuyahesabu yote mawili, kujikuza na kujipunguza kwa uongo, kuwa ni kinyume cha fadhila ya ukweli.

Mfano mdogo unaonyesha jinsi makosa hayo yanavyoingia katika wasifu. Kijana amefanya kazi miezi 8 katika duka la vifaa vya ujenzi. Anaweza kuandika: "Meneja wa Shughuli na Ugavi." Huo ni uongo, kwa kuwa hapakuwa na cheo hicho na hakusimamia mtu yeyote. Anaweza pia kuandika: "Nilisaidia dukani." Hilo ni kweli, lakini halimwelezi msomaji chochote na linaizika kazi aliyoifanya. Njia ya tatu ni kueleza kazi yenyewe: "Nilitunza leja ya stoo, nilipokea na kuhesabu saruji, nondo na mabati kila lori lilipofika, kila Jumamosi jioni nililinganisha hesabu ya leja na mzigo uliokuwapo." Maneno haya hayana sifa hata moja. Hayasemi kwamba kijana ni mwaminifu, makini au mchapakazi. Msomaji anayaona hayo mwenyewe, na mwenye duka akipigiwa simu atayathibitisha.

Hapo maadili na ufanisi vinakutana. Wasifu uliojaa maneno kama "mbunifu", "mwenye kujituma" na "mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" hauna nguvu, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuyaandika, mvivu na mchapakazi sawasawa. Mara nyingi maneno hayo hunakiliwa tu kutoka kwenye sivii ya mtu mwingine iliyohifadhiwa katika kompyuta ya steshenari, ambamo jina na namba ya simu ndivyo vilivyobadilishwa. Tendo lililotajwa pamoja na mahali, muda na kiasi ni la mtu mmoja tu. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Uongo, uteuzi na kunyamaza

Uongo wa wazi ndio rahisi kuutambua. Mwezi Aprili 2017, ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wa Tanzania waliokuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Mwaka 2022 Serikali iliridhia warejeshewe michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Hatua hizo mbili kwa pamoja zinaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Kazi iliyofanywa kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya kweli, na jasho lake lilikuwa la kweli. Mlango ulioingiliwa ndio uliokuwa wa uongo. Wapo wanazuoni wa Kiislamu walioulizwa juu ya mshahara wa mtu wa namna hiyo wakajibu kwamba ujira wa kazi iliyotimizwa vizuri ni mmoja na dhambi ya udanganyifu ni nyingine, na dhambi hiyo inahitaji toba. Yupo pia mtu wa tatu ambaye hatajwi katika orodha yoyote: yule aliyekuwa na cheti halali akakosa nafasi. Kwa sababu yake, uongo wa wasifu hauwezi kuitwa siri ya mtu binafsi.

Uteuzi wa mambo ni suala tofauti. Mnamo mwaka 1482 hivi, Leonardo da Vinci alitayarisha barua ya kujitambulisha kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, na rasimu yake imehifadhiwa hadi leo. Alitaja kwanza madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kuondoa maji katika mahandaki, mizinga na magari ya vita yaliyofunikwa. Ujenzi, uchongaji na uchoraji aliuweka mwishoni, kama kazi za wakati wa amani. Kupanga hivyo hakukuwa udanganyifu. Alimjua msomaji wake na akatanguliza alichokihitaji. Vivyo hivyo, mwombaji anayetanguliza kazi ya hesabu anapoomba nafasi ya uhasibu, na kufupisha msimu aliouza matunda, hajamdanganya mtu. Swali linalobaki kwa barua ya Leonardo ni lile la "naweza" na "nimefanya". Vitu vingi alivyovitaja ni ahadi ya uwezo, na mwandishi mwangalifu huweka wazi kipi ni kazi iliyokamilika na kipi ni uwezo ambao bado haujajaribiwa.

Kuhusu kunyamaza, kisa kimoja kinatosha kuwa kipimo. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume Muhammad alipita sokoni, akaingiza mkono katika fungu la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka alieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akaukemea udanganyifu. Kosa la muuzaji halikuwa kuuza nafaka iliyolowa. Lilikuwa kuifunika kwa kavu. Mwombaji halazimiki kuandika ugonjwa wake, talaka yake au kila kazi iliyomshinda, maana hayo hayamo katika fungu linalouzwa. Lakini dereva aliyefutiwa leseni anapoomba kazi ya udereva, au mtu aliyeandika "Chuo Kikuu, 2018 hadi 2021" akijua kwamba hakumaliza na akitumaini msomaji atadhani alihitimu, amefunika nafaka iliyolowa. Kila neno katika mstari huo linaweza kuwa la kweli huku mstari mzima ukidanganya. Na mtu akiulizwa waziwazi, kunyamaza hakumsaidii tena.

Kosa la kujificha

Kosa la pili, la kujipunguza, halisemwi sana ingawa linawaumiza wengi. Mwanamke aliyekuwa mhazini wa kikoba kwa miaka 6, akishika fedha za wanachama 30 bila kupotea hata shilingi, huandika kwamba hana uzoefu kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa. Fundi aliyejifunza kazi gereji bila cheti huacha nafasi hiyo tupu. Wote wawili hudhani wananyenyekea. Mfano wa talanta katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo unamhukumu yule aliyefukia alichokabidhiwa, na sababu aliyoitoa ilikuwa woga. Unyenyekevu wa kweli ni kujua kipimo chako na aliyekupa; hauhitaji kuficha kipawa ambacho wengine wangekihitaji.

Wadhamini na sahihi

Kwa kuwa hakuna ashuhudiaye nafsi yake bila kutiliwa shaka, wasifu huishia kwa majina ya wadhamini. Kisa mashuhuri kinamsimulia Khalifa Umar akimhoji mtu aliyejitokeza kumshuhudia mwenziwe. Alimuuliza kama ni jirani yake, kama amewahi kushughulika naye kwa fedha, kama amesafiri naye. Majibu yote yalipokuwa hapana, Umar alimwambia kwamba basi hamjui. Labda amemwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua. Mdhamini afaaye si lazima awe mkubwa wa cheo. Afaa aliyefanya kazi na mwombaji na kuuona mwenendo wake, kama binti wa Madiani katika Sura Al-Qasas aya ya 26, aliyemshauri babaye amwajiri Musa kwa nguvu na uaminifu wake. Binti huyo hakutegemea uvumi. Alikuwa amemwona Musa akiwanyweshea mifugo.

Wasifu mwingi wa Tanzania hufungwa kwa tamko fupi ambamo mwombaji anathibitisha kwamba maelezo yake ni ya kweli kwa kadiri ya ufahamu wake, kisha anaweka sahihi na tarehe. Watu huliona kama desturi tu, lakini ndilo linaloupa waraka wote maana yake. Kwa sahihi ile, mistari iliyotangulia inageuka kutoka maneno ya mtu anayejinadi na kuwa ushahidi wa mtu anayejibu kwa jina lake. Ushahidi huo una mpaka: unaeleza kazi na ujuzi, haupimi utu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, alitenganisha vitu vyenye bei na mtu mwenye hadhi isiyo na bei. Ofisi inayourudisha wasifu, au isiyojibu kabisa, imepima kurasa mbili dhidi ya nafasi moja. Aliyeandika kweli tupu katika kurasa hizo anabaki na jina lake safi, na anaweza kuzipeleka mlango unaofuata bila kubadilisha neno.